Basi anakula

Tangu Jumanne nina maneno ya mzee mmoja kichwani na hayataki kutoka. Nimepika nayo, nimepanda nayo daladala ya Buhongwa, jana nimekaa nayo chini ya turubai kwenye mahari ya Pendo (ndiyo, yameisha salama, ng'ombe wamekubaliwa, baba mkubwa kalia mbele za watu, picha siku nyingine). Leo nimeona niyaandike nipate kulala.

Yule chatu wa Magu mnamkumbuka, aliyeletwa kwenye gunia hapa kwetu bustani ya nyoka Mwanza na wakulima waliomkuta kwenye majaruba ya mpunga. Ametaga. Mayai arobaini na ushee, na meneja alipoambiwa, swali lake la kwanza lilikuwa kama tupandishe kiingilio. Mimi na Kulwa, kijana wa field, tulimfungua mama taratibu kutoka kwenye lile fundo alilojiviringisha, tukayahamisha mayai kwenye boksi la joto, kisha tukamwogesha na banda lake tukalisafisha lote. Harufu ya mayai ikibaki, atakaa amejiviringisha mahali patupu na chakula hatagusa.

Jumanne ndiyo akaja babu wa Kisesa. Si mgeni. Huja mara mojamoja, hulipa kiingilio chake hata tukimwambia apite tu, na husimama mbele ya kila kioo mpaka nyoka mwenyewe achoke. Baba yake alikuwa wa Bayeye, wale watu wa nyoka wa Kisukuma, wenye dawa za sumu na ngoma ya kucheza na chatu. Waliowahi kwenda Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma, wakati wa Bulabo, ile sikukuu ya ngoma, nadhani hawahitaji maelezo yangu. Nikaona heshima nimpeleke chumba cha nyuma, ambako wageni hawaingii.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia mna uzazi."

Nikacheka. Nikamfunulia boksi. Akainama, mikono kaifunga mgongoni, hakugusa kitu.

"Wamelalia nini hapa?"

"Mawe, babu. Mawe yaliyochomwa yakafumuka."

"Mawe."

"Ndiyo."

"Na mama yao yuko wapi?"

"Yuko bandani kwake. Jana amekula sungura."

Akanyanyuka. Akaniangalia kidogo.

"Basi anakula."

Kisha akashukuru, akatoka kwenda kuangalia kobe. Hayo tu. Hakuguna, hakutikisa kichwa, hakutabasamu. Nimejaribu kumsikia tena akisema huku anafurahi: heri, mzazi anakula. Inakubali. Nimejaribu kumsikia akisema huku anasikitika: watoto wamelazwa kwenye mawe, mama yuko kwenye sungura. Inakubali pia, tena vizuri zaidi. Na kobe wenyewe hawana lolote la kuangalia. Wale kobe huwa hawafanyi kitu. Kwa nini aende kwa kobe?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba maelezo nilikuwa nayo tayari, marefu na mazuri, na hakuyataka. Basi mtayabeba nyinyi.

Yai la nyoka si yai la kuku. Ganda lake ni laini, la ngozi, na linakunywa maji kutoka pale lilipolala. Likilala pakavu linabonyea. Likilala kwenye maji linavimba, kiumbe ndani kinakosa hewa na kufa. Kwa hiyo unachotafuta ni kitu kinachoshika maji bila kuyamwaga, kinachopitisha hewa, na kisichooza kwa muda wa miezi miwili na zaidi, maana mayai ya chatu hayana haraka. Hilo la kutooza ndilo watu wanalipuuza. Meneja alitaka tutumie pumba za mpunga kwa sababu Mwanza pumba ni za kuokota. Pumba zikilowa zinachacha, zinapata joto lake zenyewe usilolipanga, na ukungu unazipenda. Vumbi la mbao ni hadithi hiyohiyo, na hujui fundi alipasua mti gani wala una mafuta gani. Mchanga wa ziwa, ambao Kulwa aliupigia debe kwa kuwa hauozi, ni kweli hauozi, lakini ni mzito, unashikana, na maji yanashuka chini yote ukabaki na mayai makavu juu na tope chini. Kobe na mamba wanafukia mayai kwenye mchanga, nikubali. Huyu si kobe.

Mimi nilichagua vamikulaiti, na nitaichagua tena. Ni madini ya jamii ya ulanga: yakipashwa moto mkali, maji yaliyonaswa kati ya tabaka zake yanageuka mvuke na jiwe linafumuka kama bisi. Linabaki jepesi, limejaa vitabaka vinavyonyonya maji na nafasi zinazopitisha hewa, na kwa kuwa ni jiwe, ukungu haupati cha kula. Mfuko wetu ulitoka Arusha, kwa watu wa miche ya mboga na maua. Nauli ya basi ilikaribia bei ya mfuko wenyewe, na risiti bado iko mezani kwa meneja haijasainiwa.

Maji unapima kwa uzito, si kwa kopo. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa sababu vamikulaiti haina uzito: nusu kilo inajaza chombo kikubwa, na ukisema kopo kwa kopo utakuwa umetengeneza uji. Sisi tulianza na gramu kwa gramu, maji yaliyochemshwa yakapoa, kisha nikapunguza kidogo kwa sababu boksi letu halipotezi unyevu haraka. Halafu unakamata konzi unaminya. Ishikane, isidondoshe hata tone. Mayai ya chatu hugandana yakawa rundo moja, na yakishagandana usiyabandue, utapasua ganda. Unaliweka rundo zima kwenye kishimo, la chini limezama kidogo, sehemu ya juu umeiwekea alama ya penseli. Alama si urembo. Baada ya siku ya kwanza hivi, kiumbe kinajishikiza upande wa juu wa ganda, na ukiligeuza yai unaweza kukiua.

Boksi la nje ni yale meupe mepesi ya minofu ya sangara, tuliloomba kwa jirani anayefanya kazi kiwandani. Ndani kuna balbu, kidhibiti joto, na chupa za maji zimepangwa chini, maana umeme ukikatika chupa ndizo zinazoshikilia joto lisianguke ghafla. Tunalenga nyuzi 31 hadi 32. Joto likizidi sana, watoto hutoka na uti wa mgongo uliopinda, hilo nimeliona kwa macho na sitaki kuliona tena. Mfuniko nimeuinamisha kidogo ili jasho litelemkie pembeni lisidondokee mayai. Na chombo chenyewe cha mayai kinapimwa kwenye mzani kila wiki: kilichopungua ni maji yaliyopotea, unayarudisha pembeni, ya uvuguvugu, bila kuyamwagia mayai. Tukifungua kupima, hewa nayo inabadilika.

Alhamisi mayai matatu ya juu yalikuwa yamebonyea. Kidogo tu, alama ya kidole. Karibu na kuanguliwa kubonyea ni kawaida, lakini huko hatujafika. Nikapima, nikarudisha maji, nikafunika upande wa juu kwa mosi (moss), ile mimea laini inayoshika maji tunayowawekea vyura. Na wakati wote huo nasikia: basi anakula.

Maana nyikani mama haendi kula. Mwaka 2018 Profesa Graham Alexander wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini, alichapisha alichokiona kwa chatu wa kusini, ndugu wa karibu kabisa wa huyu wetu. Mama anataga kwenye shimo, mara nyingi lililochimbwa na mhanga, anajiviringisha juu ya mayai. Mchana anatoka mlangoni kuota jua mpaka mwili unakaribia nyuzi 40, joto ambalo kwa nyoka ni la hatari, kisha anarudi ndani na lile joto kuwapelekea mayai. Msimu huo rangi yake inakuwa nyeusi zaidi. Hali chochote. Na mayai yakishaanguliwa anakaa na watoto wiki mbili hivi, wanatoka kuota jua na usiku wanarudi kulala kwenye mikunjo yake. Watu wanaosema nyoka hana mama wasome hapo.

Kwa hiyo, babu, ndiyo. Anakula. Nimemtoa kwenye kazi yake nikaikabidhi kwa balbu, mzani na mawe ya Arusha, naye akanenepa. Hapa kwetu ilikuwa lazima: watoto wa shule wanagonga kioo siku nzima, pa kuota jua hana, na alikuja kwetu mbavu zikihesabika. Angekonda akafa na mayai yakaharibika juu yake. Nilitaka kumwambia hivyo. Nilitaka kumfuata kwa kobe nimwambie.

Na naomba mtu asianze kuniunganishia hili na mwanangu Neema kuwa Nansio, kisiwani Ukerewe, kwa bibi yake. Nawajua. Neema anakula dagaa na muhogo, anaongea Kikerewe kunishinda, na kwenye simu jana aliniambia nisimkatize, anacheza.

Ijumaa nikamhadithia Kulwa yote, na namna zote mbili za kusikia. Alikuwa anaosha vyombo vya maji. Akanisikiliza mpaka mwisho, kijana ana adabu, kisha akasema:

"Dada, mimi naona babu alisema anakula kwa sababu wewe ulimwambia amekula."

"Ndiyo, lakini alivyoniangalia…"

"Alikuwa ananyanyuka. Mgongo ule ukishainama, kunyanyuka lazima ushike macho mahali. Na kule kwa kobe kuna benchi."

Kuna benchi! Pale kwa kobe ndipo kuna benchi pekee la kivuli katika bustani nzima, na ni mimi niliyeliombea hela. Nilicheka mpaka mhasibu akatoka nje. Siku nne nzima namtafsiri mzee aliyekuwa anatafuta pa kukaa.

Kucheka kukanipa nguvu, tukasema tumulike mayai siku hiyohiyo badala ya kungoja. Tulizima taa tukaweka tochi ya simu pembeni ya ganda, bila kuinua yai. La kwanza: mishipa myekundu, imetawanyika kila upande. La pili, mishipa. Lile lililobonyea zaidi, lile nililokuwa nimeshaliandikia barua ya rambirambi, mishipa, na kitu cheusi katikati kikajikunja kukwepa mwanga. Kulwa alipiga kelele, nikamfinya. Mawili tu ni ya njano, hayana kitu tangu mwanzo, yamegandana na wenzake kwa hiyo yatabaki hapohapo. Ukungu ukiota utaota juu ya hayo, na yai hai la jirani kwa kawaida halishtuki. Mayai matatu ya juu yameshaanza kujaa tena.

Babu akija nitamwonyesha mishipa. Nitamwekea na kiti.

Ila kitu kingine. Jirani wa juu yetu hapa mtaani ameanza kuchoma matairi kwenye lile jiwe kubwa. Anataka lipasuke apate kokoto za msingi, na kila mtu Mwanza anajua jiwe huchomwa hivyo, sina ugomvi na kokoto zake. Lakini jiwe hilo ndilo limeegemea lile dogo, na lile dogo ndilo liko juu ya choo chetu. Jana tuliporudi kutoka kwenye mahari Baba Neema alilimulika akasema lina ufa mpya, mimi nikasema ni kivuli. Leo mchana nimeingiza kidole kwenye ufa. Mwenyekiti wa mtaa amesafiri, mjumbe anasema tungoje arudi, mwenye nyumba hapokei simu, na Neema amefunga shule, anakuja na meli ya Jumatano.