Tundu dogo, taswira iliyopinduka

Mwanga husafiri kwa mstari ulionyooka, na boksi lenye tundu moja huonyesha jambo hilo waziwazi. Miale ya kileleni mwa mti hupita tunduni ikielekea chini. Ya shinani huelekea juu. Ndiyo maana taswira hutokea kichwa chini miguu juu. Mwanasayansi Ibn al-Haytham alilichunguza hili tangu karne ya 11.

Chukua boksi lenye kina cha sentimita 15, ulipake ndani rangi nyeusi isiyong'aa. Upande mmoja kata dirisha uzibe kwa karatasi ya alumini. Upande wa pili bandika karatasi nyembamba ya mafuta iwe skrini.

Kazi yenyewe iko kwenye tundu. Toboa alumini hiyo kwa ncha tu ya sindano, usiizamishe yote, kisha sugua kingo taratibu kwa msasa laini. Lenga kipenyo cha milimita 0.5. Tundu la milimita 2 hutoa taswira angavu lakini yenye ukungu, kwa sababu kila nukta ya kitu huacha doa pana kwenye skrini. Wengi hudhani dawa ni kuzidi kulipunguza. Sivyo! Likifika milimita 0.2, mwanga, kwa kuwa ni wimbi, hutanuka baada ya kupita, na ukungu hurudi.

Taswira ikiwa hafifu, jifunike kichwa pamoja na skrini kwa kitambaa kizito.

Usilitazame jua kupitia tunduni kamwe. Liache liangukie karatasi: kwa umbali wa mita 1 kutoka tunduni, taswira yake huwa na upana wa milimita 9 hivi.