Siku moja maishani mwangu: kutoka benchi la maabara hadi kuandika programu

Saa kumi na moja alfajiri ndiyo saa yangu ya kusoma. Kwa miaka 14 nilikuwa mtaalamu wa maabara ya mikrobiolojia. Nilikuwa nikiotesha vimelea kwenye sahani, nikivipaka rangi na kuvitazama kwa darubini. Huu ni mwaka wangu wa tatu wa kuchambua jenomu za bakteria, yaani DNA yao yote, kwa kompyuta, na sikufika hapa kwa kuacha kazi na kurudi chuoni, bali kwa saa hii moja ya kila alfajiri. Leo nimesoma takwimu, somo ambalo ujanani nililifaulu kwa kukariri. Ukurasa mmoja niliurudia mara nne, nikichora upya miduara ya uwezekano mpaka hesabu ilipokubali.

Saa mbili asubuhi nilifungua matokeo ambayo seva ilikuwa imeyashughulikia usiku kucha: sampuli 96, idadi ya visima, yaani vishimo vidogo vya kuwekea sampuli, vya sahani moja. Kila kipande cha DNA kilichosomwa na mashine huandikwa katika mistari minne ya faili, na mstari wa nne huonyesha ubora wa usomaji wa kila herufi ya DNA (A, C, G au T). Alama ya 30 maana yake ni kwamba uwezekano wa herufi hiyo kuwa na kosa ni 1 kati ya 1,000. Ubora ulikuwa mzuri. Hata hivyo, sikuanza na sampuli za wagonjwa. Nilianza na kisima cha maji safi, ambacho hakikupaswa kuwa na DNA yoyote, na humo nikakuta maelfu ya vipande.

Mwenzangu, kijana anayenishinda kwa mbali katika kuandika programu, alikuwa tayari ameandika mstari wa kukiondoa kisima hicho kwenye jedwali, kwa kuwa hakina mgonjwa. Nilimwomba asubiri. Tulipovipanga vipande kwa majina ya bakteria, vingi vilikuwa vya jenasi ya Ralstonia, bakteria wa majini na udongoni wanaojulikana kujipenyeza hata kwenye vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, vya maabara, na hilo halikunishangaza. Kilichonitia wasiwasi ni vipande vichache vya kimelea kilekile kilichojaa katika kisima cha jirani. Niliona kilichotokea kana kwamba nilikuwepo: ncha ya pipeti, kifaa cha kunyonya na kudondosha vimiminika, ikichomolewa kwa haraka, tone dogo huruka bila jicho kuliona. Ikiwa tone lilifika kwenye maji, huenda lilifika pia kwenye sampuli za wagonjwa zilizopakana na maji hayo. Tulichunguza visima vyote vya kandokando, tukakuta viwili vyenye dalili hiyohiyo, na kabla ya saa sita tulikuwa tumezuia majibu yake na kuomba sampuli zirudiwe. Kijana akaniuliza, "Dada, ulijuaje pa kutazama?" Nilijua kwa sababu nimewahi kulirusha tone la namna hiyo kwa mkono wangu mwenyewe.

Mchana ulipita kwenye kikao cha kugawana nafasi ya kuhifadhi data.

Saa tisa alasiri mwanafunzi aliye katika mafunzo kwa vitendo aliniletea mfuatano wa protini, uliotolewa na programu yake kutoka kwenye jeni, ukiwa umekatikakatika. Kosa lake nililitambua mara moja, kwa maana liliwahi kunipotezea siku mbili nzima katika miezi yangu ya kwanza. Lugha ya programu ya Python huanza kuhesabu na 0, ilhali majedwali mengi ya jeni huanza na 1. Ukisahau tofauti hiyo, unaikata jeni kuanzia herufi yake ya pili, na kwa kuwa seli husoma ujumbe wa jeni kwa herufi tatutatu ili kuunda protini, kila neno linaharibika: ATG GCT AAA hugeuka TGG CTA AA, na baada ya hatua chache ishara ya kukoma hujitokeza pasipo mahali pake. Nilimwonyesha desturi niliyojiwekea ya kuzitoa herufi tatu za mwanzo kwenye skrini na kuzisoma kwa macho kabla ya kuendelea. Kwa bakteria natarajia ATG, na mara chache GTG au TTG.

Saa kumi nilipokea simu ya mkemia anayetaka kuhamia kwenye uchambuzi wa data. Aliniuliza swali linaloniuma kila ninapolisikia: miaka yake yote ya kemia aitupe? Nilimweleza habari za Margaret Dayhoff, mkemia ambaye katika miaka ya 1940 alitumia mashine za kadi zenye matundu kukokotoa nishati ya molekuli. Mwaka 1965 yeye na wenzake walichapisha mkusanyo wa mifuatano ya protini iliyokuwa ikijulikana wakati huo, na ndiye aliyeipa kila amino asidi, kijenzi cha protini, herufi moja ili data ichukue nafasi ndogo kwenye kompyuta. Herufi hizo nazitumia kila siku.

Sikumficha gharama. Nilianza upya chini ya watu niliowazidi umri, kwa mshahara uliopungua, na kwa mwaka mzima nilikuwa wa mwisho kuelewa kikaoni. Nilimshauri achague kero moja katika kazi aliyonayo, aiandikie programu, kabla ya kujiandikisha kwenye kozi yoyote. Kero yangu ilikuwa majedwali ya kompyuta yaliyogeuza lebo kama MAR-12 kuwa tarehe, kasoro ambayo mwaka 2020 iliwafanya hata wasimamizi wa majina ya jeni za binadamu kubadilisha majina kadhaa, likiwemo MARCH1. Programu yangu ya mistari 60 ilizisoma faili za mashine moja kwa moja, na baada ya mwezi mmoja idara nzima ilikuwa ikiitumia.

Saa kumi na mbili jioni nilishuka maabara, nikavaa koti na glavu, nikakaa na mtaalamu wa zamu kurudia sampuli zile. Pipeti ya mikrolita 20 ilitulia mkononi kama sijawahi kuiacha. Safari hii tuliweka maji safi kwenye visima vitatu vilivyoachana, nikaandika namba zake kwa kalamu katika daftari la maabara, kisha nikazinakili kwenye faili ambayo seva itaisoma usiku.