Madigadi kwenye baiskeli ya gia: nilivyoyafunga kwa ajili ya masika

Kila masika yanapokaribia, mjadala ni ule ule kwa sisi tunaotembea kwa baiskeli hapa Malindi: baiskeli ya gia inahitaji madigadi, yale makinga-tope ya juu ya magurudumu, au haihitaji? Vijana wengi watakwambia haihitaji. Madigadi ni ya Black Mamba, zile baiskeli nzito za mizigo, yanapiga kelele, yanaharibu sura ya baiskeli. Mimi nayafunga, mbele na nyuma, yale marefu, na ningependa kueleza nilivyofanya, kwa sababu kuyafunga kwenye baiskeli ambayo haikutengenezewa nafasi yake kuna ufundi wake.

Naishi Maweni na nasomesha madrasa ng'ambo ya daraja la mto Sabaki. Sehemu kubwa ya njia ni lami, barabara kuu ya kwenda Garsen na Lamu. Nikishavuka daraja naiacha lami na kuingia kwenye udongo mwekundu wa Magarini, na kuna kipande cha bondeni ambacho mto ukifurika hukiachia tope laini lenye kunata. Yaani asubuhi moja ya mwezi wa Mei napita kwenye maji ya lami, mchanga uliolowa na tope zito. Na nguo yangu ya kazi ni kanzu nyeupe.

Wapo wanaosema koti la mvua linatosha. Linatosha kwa mvua inayonyesha, na hiyo kwetu si ndiyo shida kubwa. Mvua ya masika hapa pwani hupenda kushuka usiku na alfajiri. Ukitoka nyumbani saa moja, mara nyingi mbingu imeshatulia na jua linachungulia, lakini barabara bado ina maji, na itabaki nayo kwa saa nyingi. Maji hayo hayatoki juu, yanatoka chini, na yana mchanga, oili ya magari na mavi ya mbuzi ndani yake. Gurudumu la nyuma linayachota na kuyapandisha mgongoni kwa mstari mmoja kutoka kiunoni hadi kwenye kofia. La mbele linayarusha juu na mbele, nawe kwa kuwa unakwenda kasi unayafuata, yanakupiga usoni. Mengine yanamwagikia miguu, pedeli na cheni.

Najua kwamba katika fiqhi yetu ya Kishafii tope la njiani ambalo mtu hawezi kujiepusha nalo linasamehewa. Nalijua na nalisomesha. Lakini mwalimu anayesimama mbele ya watoto kuwafunza twahara huku mgongo wake una mstari mwekundu, hata kama swala yake inasihi, maneno yake yanapungua uzito.

Basi wengi wanaokubali hufunga ya nyuma peke yake, na hapo ndipo sikubaliani nao hata kidogo. Ya nyuma yanakinga kanzu. Ya mbele ndiyo yanayokinga viatu, miguu na mashine yenyewe. Mchanga wetu wa pwani ukichanganyika na maji na oili ya cheni unakuwa kama msasa: kila ukikanyaga pedeli unasaga cheni, meno ya gia na gololi za pedeli. Ongeza chumvi ya hewa ya bahari, ambayo haihitaji mwaliko kula chuma. Mahali mchanga huo unapoingilia ni chini ya gurudumu la mbele, unarushwa nyuma moja kwa moja hadi kwenye ekseli ya pedeli. Tangu nifunge ya mbele, nikifuta cheni jioni kitambaa kinatoka na weusi wa oili tu, hakitoi ile sauti ya kukwaruza. Madigadi ya plastiki bei yake ni ndogo kuliko cheni na gia mpya, na hilo pekee lingenitosha.

Nilichagua plastiki kwa makusudi. Ya bati ni imara, lakini hapa karibu na bahari kutu huanzia kwenye matundu ya skrubu na baada ya muda yanakatika hapo hapo. Plastiki nayo jua huifanya kuwa kavu na kupasuka, kwa hiyo baiskeli naiweka kivulini. Tairi zangu zina upana wa inchi 2 hivi, nikatafuta madigadi yaliyozidi upana huo kila upande, kwa sababu yakiwa membamba sawa na tairi maji yanapita pembeni na kazi yote imekuwa bure.

Fundi wangu ni mzee mmoja anayefanyia kazi chini ya mwarobaini. Nyuma hakupata tabu: fremu ina matundu ya skrubu karibu na ekseli, akapitisha zile nyaya za kushikilia na kukaza. Mbele foku, yaani ule uma unaoshika gurudumu, ni ya springi na haina matundu.

"Ustadhi, hapa tutashika kwa klipu za bomba," akaniambia, akiweka kidole kwenye miguu ya foku. "Lakini huku chini, si huku juu."

"Kwa nini, mzee wangu?"

Akaukandamiza usukani kwa nguvu zote. Foku ikashuka, tairi likapanda. "Umeona? Ukishika juu, ukiingia kwenye shimo tairi linakuja kugonga plastiki. Ukishika chini, vyote vinapanda na kushuka pamoja."

Chini ya kila klipu akazungushia kipande cha tyubu kuukuu ili chuma kisikwaruze rangi na klipu isiteleze. Vipande vingine vya tyubu akavikata mviringo, akavitoboa katikati na kuvitia kama washa kwenye kila skrubu, kisha nati mbili mbili, ya pili ikiifunga ya kwanza. Hao wanaolalamika kelele wajue kelele ni ya nati iliyolegea, na dawa yake ni mpira. Yangu hayalii hata kwenye matuta ya lami.

Sasa niseme kuhusu lile tope la bondeni, kwa sababu hapo wapinzani wa madigadi wana hoja ya kweli. Tope linalonata likijaa kati ya tairi na plastiki, gurudumu linakataa kuzunguka. Mchanga haufanyi hivyo, udongo mwekundu unafanya kidogo, tope la mto linafanya sana. Ndiyo maana tuliacha nafasi kubwa kati ya tairi na madigadi, kidole gumba kinapita kwa raha. Madukani utaona yamebanwa karibu kabisa na tairi ili yapendeze. Kwa njia ya lami tupu hayo ni sawa, kwa njia zetu si sawa. Hata kwa nafasi hiyo, siku mto uliposhika kipande chote nashuka, nasukuma baiskeli pembeni penye nyasi, na natembea na kijiti cha kukwangulia. Anayekaa ndani kabisa, ambaye njia yake yote ni tope la namna hiyo, ningemshauri afunge ya nyuma tu, tena yaliyoinuliwa juu yanayoshikiliwa na bomba la kiti, na mbele aache wazi.

Jambo moja la hatari lisipuuzwe. Kijiti au kipande cha ukuti kikinasa kati ya tairi la mbele na madigadi, gurudumu linaweza kukwama ghafla na kumrusha mpandaji juu ya usukani. Kwa hiyo klipu za mbele hazikazwi kupita kiasi: zishike, lakini zikivutwa kwa nguvu ziachie. Na kila asubuhi kabla ya kupanda nazungusha gurudumu la mbele kwa mkono na kusikiliza.

Mwisho ni ule ulimi wa chini. Madigadi ya dukani ya mbele huishia juu mno, maji yanapita chini yake na kulowesha viatu kama kawaida. Nilikata kipande cha dumu la mafuta ya kupikia, nikakitoboa matundu mawili na kukifunga kwa skrubu kwenye ncha, kikashuka hadi upana wa kiganja kutoka ardhini. Ukikifupisha hakikingi, ukikirefusha kinakwaruza kwenye matuta. Wanafunzi wangu wawili wanaokuja kwa baiskeli wamekata yao kwenye dumu lile lile, na mmoja wao, ambaye hakuwa na pesa ya madigadi, ametengeneza ya nyuma yote kwa dumu hilo na kuyafunga kwenye keria kwa waya. Yanafanya kazi.