Kijiti kimoja, vijiti viwili: nilivyopata kompyuta ya gemu nyepesi isiyoganda

Kilichotuumiza zaidi kilikuwa kona. Mpira unapigwa, wachezaji wamejazana kwenye boksi, halafu picha inaganda kwa muda wa kupepesa jicho. Inaporudi, mpira uko wavuni au mikononi mwa kipa. Wapwa zangu wawili waligombana kila Jumamosi: mmoja anasema alibonyeza mapema, mwingine anasema goli ni goli. Wote walikuwa na haki. Kosa lilikuwa la kompyuta, na kompyuta niliinunua mimi.

Tunaishi Morogoro, na gemu zetu si nzito. Tunacheza PES 2017 ya mpira, GTA San Andreas, Minecraft (toleo la Java), na Stardew Valley anayoipenda mpwa mdogo kwa sababu ya shamba lake la maboga. Sikuwahi kutaka mashine ya taa za rangirangi. Nilitaka kitu kimoja tu: picha iende laini, mfululizo, bila kushtuka. Zamu yangu ya upatu ilipofika nikatenga laki sita kwa kila kitu, kuanzia kompyuta hadi padi, nikapanda basi kwenda Kariakoo.

Muuzaji wa kwanza alinipokea vizuri. Nilipomwambia nataka mashine ya gemu, akaniwekea mezani kompyuta yenye stika ya i7, aina ya prosesa ya Intel, yaani ubongo wa kompyuta. "Mkuu, chukua hii. i5 ni ya wahasibu." Bei ilikuwa karibu sawa na ya ile i5 niliyokuwa nikiiangalia. Namshukuru Mungu kwamba usiku wa kuamkia safari nilikuwa nimesoma vya kutosha. Nilimwomba aiwashe, nikabonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, nikaandika dxdiag, programu ya Windows inayotaja vifaa vya mashine. Ikajitaja: Core i7-2600. Hiyo ni prosesa ya mwaka 2011. Ina kori nne, yaani viini vinne vya kufanyia kazi, na inaweza kushika nyuzi nane za kazi kwa pamoja, kwa hiyo si takataka. Lakini mimi sikuwa na hela ya kadi ya grafiki, maana yake picha zote zingechorwa na sehemu ya grafiki iliyomo ndani ya prosesa yenyewe, na ya i7-2600 ni HD Graphics 2000, yenye vitengo 6 tu vya kuchorea. Ile i5 "ya wahasibu" ilikuwa i5-6500 ya mwaka 2015. Ndani yake kuna HD Graphics 530 yenye vitengo 24, nayo inaielewa DirectX 12 (njia ambayo gemu za Windows hutumia kuchora picha), wakati ile ya i7 inaishia DirectX 10.1. Kwa mtu asiye na kadi, hiyo tofauti ni kubwa kuliko namba iliyoandikwa kwenye stika. Ndugu yangu unayekwenda dukani kesho, usikubali kuambiwa "i7" ukanyamaza. Uliza namba nzima.

Nikachukua HP EliteDesk 800 G2 yenye hiyo i5-6500, RAM (kumbukumbu ya muda) ya GB 8, diski ya kuzunguka ya GB 500. Laki tatu na themanini. Ni mashine zile fupi zilizotoka maofisini Ulaya, zinalala chini ya TV bila kusumbua. Haina tundu la HDMI, ina DisplayPort na VGA, kwa hiyo nikaongeza adapta ya elfu ishirini. Nikarudi Morogoro nikiwa na furaha kabisa.

Halafu zikaja zile kona.

Kwa wiki mbili nilihangaika na mipangilio kwa kubahatisha. Nikashusha ubora wa nyasi, nikaondoa vivuli, nikafuta programu. Picha ikawa mbaya na bado ikawa inaganda. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo natamani ningelijua tangu mwanzo: wastani wa fremu, yaani idadi ya picha mashine inazochora kwa sekunde, unadanganya. Niliweka MSI Afterburner inayoonyesha namba pembeni ya skrini, nikakuta wastani wa fremu 45 kwa sekunde. Si mbaya. Lakini nilipowasha mchoro unaoonyesha muda wa kila fremu, nikaona ukweli. Ili upate fremu 60 kwa sekunde, kila fremu inatakiwa ikamilike ndani ya milisekunde 16.7. Za kwetu zilikuwa zikienda kwenye 20, 22, 21, kisha ghafla 180. Ile 180 ndiyo kona. Jicho halihesabu wastani, linaumia na ile fremu moja iliyochelewa. Gemu inayokwenda fremu 40 bila kuyumba inachezeka vizuri kuliko inayorukaruka kati ya 70 na 25.

Kwa hiyo nilikuwa na magonjwa mawili: fremu zote ni nzito kidogo kuliko zinavyotakiwa, na baadhi zinakwama kabisa. Nikaanza na la kwanza.

Nilipofungua CPU-Z, programu inayosoma vipimo vya prosesa na RAM, kwenye ukurasa wa kumbukumbu palikuwa na neno moja: Single, yaani njia moja tu ya data (chaneli). Nikafungua kifuniko cha mashine. Kati ya nafasi nne za RAM, moja tu ilikuwa na kijiti, cha GB 8. Muuzaji hakunidanganya, GB 8 zilikuwepo. Lakini grafiki ya ndani ya prosesa haina kumbukumbu yake, inakula sahani moja na prosesa kutoka kwenye RAM hiyohiyo. Kijiti kimoja cha RAM ya aina ya DDR4, ya kasi ya 2133, kinapitisha takribani GB 17 kwa sekunde. Vijiti viwili vilivyokaa kwenye chaneli mbili vinapitisha mara mbili ya hapo. Ni kama ndoo mbili zinazongoja kwenye bomba moja, unaongeza bomba la pili.

Fundi mmoja hapa mjini ana kabati la vipuri vya mashine zilizokufa. Nikamwomba tubadilishane: kijiti changu kimoja cha GB 8 kwa vijiti vyake viwili vya GB 4. Alinitazama kwa mashaka. "Kaka, itabaki nane ileile, unapoteza muda." Nikamwambia najua, nikampa elfu tano ya ufundi. Akavichomeka, tukawasha, CPU-Z ikasema tena Single. Moyo uliniruka. Kumbe aliviweka vyote viwili upande wa chaneli moja. Nafasi ziko nne, mbili kwa kila chaneli, na ukikosea unarudi palepale. Tukahamisha kimoja. Dual. Pale pale dukani kwake tukafungua PES, na mchoro ukashuka kutoka kwenye 21 hadi kwenye 15 na 16. GB nane zilezile. Fundi akaniomba nimwonyeshe tena, kisha akaenda kufungua mashine yake mwenyewe. Siku ile nilijisikia vizuri sana, na sioni aibu kusema hivyo.

Ugonjwa wa pili ulikuwa ile diski. Kukwama kulitokea wakati gemu inahitaji kitu ambacho hakijapakiwa: sauti ya mtangazaji anayetaka kutaja jina la mchezaji, au kipande kipya cha ardhi unapokimbia kwenye Minecraft. Diski ya kuzunguka ina mkono unaotafuta data kwa kusogea kweli, na wakati unatafuta, gemu inasubiri. Nilinunua SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka, ya GB 240 kwa elfu sitini na tano, nikaweka Windows 10 upya na gemu zote humo. Diski ya zamani imebaki kutunza picha za familia. Zile 180 zikatoweka. Katika vyote nilivyonunua, hakuna kilichorudisha amani ndani ya nyumba kama hiki.

Minecraft ya Java ilitaka uangalizi wake. Hiyo hutegemea sana nguvu ya kori moja ya prosesa, siyo wingi wa kori, na umbali wa kuona ndio unaoila. Ukiweka umbali wa 12, gemu inashughulika na vipande 625 vya ardhi kukuzunguka. Ukishusha hadi 8 vinabaki 289, chini ya nusu, na mtoto haoni alichopoteza. Nikaongeza na Sodium, nyongeza ya bure inayobadilisha namna gemu inavyochora. Ikatulia.

Kuna hela nyingine nilikaribia kuitupa. Mpwa mkubwa alitaka tucheze kwa 1920 kwa 1080, maana TV yetu ya inchi 32 inaandika hivyo inapounganishwa. Kwa kipimo hicho PES ilirudi kwenye fremu 35. "Mjomba, tununue kadi," akasema, na maneno yake yaliniingia. Nikaenda tena Kariakoo. Kijana mmoja akanitolea kadi iliyoandikwa GTX 1050 Ti, GB 4, kwa bei iliyonifanya niulize mara mbili. Kwa makaratasi ilifaa: 1050 Ti halisi hula wati 75, kiasi ambacho mazabodi inaweza kukitoa kupitia tundu la kadi bila waya wa ziada, na pawa saplai ya mashine yangu ni ya wati 200, haina waya wa kadi kabisa. Ila nikaona nyuma ya kadi kuna tundu la VGA. Kadi za kizazi hicho cha NVIDIA hazitoi picha ya VGA zenyewe. Nilikuwa na GPU-Z, programu inayosoma vipimo vya kadi, kwenye flashi. Nikamwomba aichomeke kwenye mashine yake. Programu hiyo tangu mwaka 2018 inatambua kadi za zamani zilizobadilishwa jina, na mbele ya jina la kadi ile ikaandika FAKE. Kijana hakubisha, akaizima tu na kuirudisha kwenye boksi. Naamini hata yeye aliuziwa. Duka la jirani walikuwa na GT 1030 halali, lakini ya kumbukumbu ya DDR4. Hiyo nayo uiangalie vizuri: GT 1030 ya GDDR5 inapitisha GB 48 kwa sekunde, ya DDR4 haifiki hata 17, na jina kwenye boksi ni lilelile. Nikaondoka mikono mitupu.

Kwenye basi la kurudi nikatafuta kwa simu karatasi ya vipimo vya TV yetu. Inapokea picha ya 1920 kwa 1080, ndiyo, lakini kioo chake chenyewe kina nukta 1366 kwa 768. Yaani kompyuta ilikuwa ikichora nukta milioni mbili na ushee, halafu TV inazibana zienee kwenye milioni moja. Nusu ya jasho la mashine ilikuwa inamwagwa! Nilipoweka gemu kwenye 1366 kwa 768, PES ikakaa kwenye 60 bila kutikisika, na maandishi yakaonekana makali zaidi kuliko mwanzo. Kadi hatukuihitaji tena.

Humohumo kwenye TV nikapata mpangilio wa gemu, uliofichwa ndani ya menyu ya picha. Bila huo, TV huchukua muda kuipamba kila picha kabla ya kuionyesha, na kitufe unachobonyeza kinaonekana kuchelewa hata kama kompyuta haina kosa. Uwashe. Padi nazo nilichukua za waya, mbili kwa elfu arobaini.

Joto la Morogoro la mwezi wa kumi na mbili nililishughulikia kwa kupuliza vumbi na kubadilisha dawa ya kupitishia joto ya prosesa iliyokuwa imekauka kama chokaa. Feni iliyokuwa ikilia sasa haisikiki.

Elfu tisini iliyobaki niliiweka kwenye UPS ya mtumba. Wengine waliniambia ningeongeza RAM. Mimi nimeona SSD mbili za jirani zikifa baada ya umeme kukatika na kurudi kwa kishindo, na nimemwona mtoto akilia shamba lake la siku nzima likipotea. UPS yetu inatupa dakika chache, zinatosha kuhifadhi na kuzima kwa utaratibu.

Jambo moja bado linanishughulisha. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha nane kuendelea, yangu ni ya sita. Kwa hiyo nimeigawa SSD. Upande mmoja nimeweka Linux Mint, mfumo wa bure unaoshika nafasi ya Windows, kwa ajili ya intaneti na masomo ya watoto, na Minecraft ya Java inaendeshwa hukohuko bila shida. Upande wa Windows umebaki na PES, San Andreas na lile shamba la maboga, na tukiwa upande huo waya wa mtandao tunauchomoa.

Jumamosi iliyopita kona ilipigwa dakika ya 88. Mpwa mdogo alifunga kwa kichwa, na kaka yake hakuwa na la kubisha.