Wa hamsini naye hakuwa na kitu

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wiki hii nimekwama kwenye Luka 7, pale Simoni Farisayo (wale watu wa dini walioshika sana sheria) anamwalika Yesu chakula halafu anaingia yule mama aliyejulikana mjini kuwa mwenye dhambi, na chupa yake ya marhamu, analia miguuni pa Yesu na kuipaka. Nimeisoma mara nyingi sana na siku zote nilikuwa najiweka upande wa yule mama, si ndo tulivyozoea, kumbe bwana mi ni Simoni kabisa.

Yesu anampa mfano wa mtu aliyekuwa anadai watu wawili, mmoja dinari 500 mwingine 50. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa siku nzima, kwa hiyo huyu wa kwanza ni kama mwaka na nusu afanye kazi asiguse hata senti, wa pili hata miezi miwili haifiki, na sisi akili zetu zinakimbilia hapo hapo, afadhali mimi deni langu dogo, mi siibi, ibada sikosi (utadhani kuna cheti). Ila ebu soma mstari wa 42, walikuwa hawana cha kulipa akawasamehe wote wawili. Wote! Yule wa 50 naye mfukoni sifuri.

Simoni hilo halioni. Maji ya miguu hakumpa Yesu, busu hakuna, mafuta ya kichwa hakuna. Hakumtukana, alimkaribisha tu kama mtu asiyedaiwa chochote.

Juzi kati kuna ndugu alinitumia meseji ndefu ya kuniomba msamaha, nikaisoma, nikaiacha siku tatu makusudi eti aisikie kwanza, na usiku wa siku hizo hizo nikawa napiga magoti kuomba nisamehewe ya kwangu. Sasa nimefika pale Yesu anamgeukia yule mwanamke huku anaongea na Simoni, "Wamwona mwanamke huyu?", nikashindwa kuendelea kusoma. Nikachukua simu nikamjibu, nikamwomba radhi na mimi kwa kumweka roho juu. Dakika haikuisha, kashajibu. Inaonekana simu alikuwa nayo mkononi muda wote jamani.

Yule mama tunajua aliondoka ameambiwa aende kwa amani. Simoni baada ya kuambiwa yale Luka hakuandika alijibu nini, wala kama kuna mtu alitumwa akalete maji.