Pengo la kisu

Juzi mwanangu alikuwa ananitazama nikikata kabichi. Jino lake la mbele limeng'oka wiki hii, na ulimi hautulii, kila saa unalipapasa pengo. Akanyoosha kidole kwenye makali ya kisu changu. "Mama, na hiki kiling'oka lini?"

Nikaacha kukata.

Kisu hicho cha Kichina tulikinunua mimi na Baba Mdogo, Mwanjelwa, mwezi wa sita, baridi ile ya Mbeya ya kuongea mikono ikiwa kwapani. Nilikuwa ndiyo kwanza nimeolewa, natafuta kisu kimoja cha kazi zote. Muuzaji alitoa viwili, vyote vipana kama daftari. Nikashika kizito. Kilinijaa mkononi, nikaona nimepata.

"Rudisha," akasema Baba Mdogo.

Reli ya TAZARA ilipokuwa inajengwa, 1970 hadi 1975, yeye alikuwa kijana wa kuchota maji na kupasua kuni kwenye jiko la kambi ya Wachina, upande wa Makambako. Mpishi wa pale ndiye aliyemfundisha kukata. Basi dukani alivua kofia, akaviinua visu vyote viwili usawa wa macho, migongo ikimwelekea. "Utazame mgongo, mwanangu. Hiki ni kinene, na unene unashuka nao mpaka karibu na makali. Hiki cha mifupa. Hiki kingine kinaanza chembamba, kinazidi kukonda. Cha mboga na nyama tupu. Ukitazama ubapa utasema ni ndugu."

Akanishikisha chembamba: kidole gumba na cha shahada vikiubana ubapa wenyewe, vitatu vilivyobaki kwenye mpini. Akaniambia nikiinue na kukishusha mara ishirini, kisha kile kizito vilevile. Kwenye kizito, kumi na mbili tu, kiwiko kikaanza kuuma.

Muuzaji, kijana mwungwana, akasema, "Ila hicho chembamba kinashika kutu, mzee."

"Vizuri. Chuma cha namna hiyo kinanoleka upesi. Atakifuta, atakipaka mafuta kidogo."

Jioni ile nilisaga kitunguu saumu kwa pigo moja la ubapa, nikakata viazi vya Uyole, nikavizoa kwa kisu hichohicho mpaka sufuriani. Miaka minne sikukiazima kwa mtu.

Kisha baba akafariki. Mbuzi wakachinjwa, nyumba ikajaa watu, na baada ya maziko nikakikuta kisu kwenye mafiga, makali yamemeguka kiasi cha punje ya mahindi. Kilikuwa kimetumika kupasulia mifupa. Usiku Baba Mdogo alikaa nacho kwenye kinoo, kimya, hakuinua uso. Kuliondoa pengo lote ni kuyala makali yote mpaka yalifikie. "Liache," akasema. "Litapungua kila ukinoa."

Msimamizi wa nyama siku ile alikuwa yeye, na aliyekuwa anazikwa ni kaka yake. Sijawahi kumuuliza. Siku hizi macho yake yamefifia. Nikienda kumsalimia nampelekea kisu, anakinoa kwa kupapasa, na kidole chake kikifika pale kinasimama kidogo, kisha kinaendelea. Sijui kama ninyamazie hivihivi, au yeye ndiye anayesubiri niulize.

"Siku tuliyomzika babu yako," nikamjibu mtoto.

Akafikiri, ulimi pengoni. "Litaota jingine?"

"Hapana. Linapungua tu."