Jinsi nilivyoondoa mikwamo nikitua JKIA

Juu ya vilima vya Ngong simuleta yangu ya kurusha ndege kwenye kompyuta ilikuwa laini kabisa. Nikikaribia kutua JKIA, uwanja mkuu wa ndege wa Nairobi, njia ya kutulia ya 06, picha inakwama, sindano ya kasi inaruka, natua kwa kubahatisha. Iliniuma, maana kutua ndiyo raha yenyewe.

Muuzaji mmoja wa barabara ya Luthuli, Nairobi, alinishauri ninunue kadi mpya ya grafiki. Kabla ya kutoa pesa, nilishusha ubora wa picha hadi chini kabisa. Fremu, yaani picha zinazoonyeshwa kila sekunde, hazikupanda hata moja! Basi kadi haikuwa na kosa. Prosesa, ubongo wa kompyuta, ndiyo iliyolemewa. Simuleta huitwika kori moja (sehemu moja ya prosesa inayofanya hesabu) mzigo mkubwa, kwa hiyo wingi wa kori pekee hausaidii sana. Kashe kubwa, yaani kumbukumbu ya haraka iliyo ndani ya prosesa, ndiyo husaidia, kwa sababu data hukaa karibu badala ya kufuatwa kwenye RAM, kumbukumbu kuu ya kompyuta, kila mara.

Nikachukua prosesa ya Ryzen 7 5800X3D: kori 8, kashe ya L3 (ile kubwa zaidi ya prosesa) ya MB 96, na inaingia soketi yangu ileile ya AM4 kwenye ubao mama. Nilisasisha BIOS, programu ya msingi ya ubao mama, kwanza, prosesa ya zamani ikiwa bado ndani. Usiruke hatua hiyo. Prosesa hii mpya haiji na feni ya kuipoza, nikanunua kubwa.

Jana nimetua 06 jioni, sindano ikishuka taratibu mpaka magurudumu yakagusa lami.